Kamba ya Kumshusha Ernestine

Jumatatu, 13 Juni 1960. Uvira, Rugenge.

Gramafoni ni yangu! Monsieur ameondoka asubuhi kwenda Usumbura, gari limejaa viti, mapazia na mbwa. Miaka sita nimekuwa karani wake katika biro, ofisi ya kilimo. Nafasi ya gramafoni ikakosekana garini. Akanionyesha sanduku lililobaki barazani, akasema nichukue, iwe ukumbusho. Akafunga biro, akaondoka na ufunguo. Kwa hiyo sina kazi. Lakini nina gramafoni!

Nimeibeba kichwani hadi kwa dada yangu Anne-Marie, ninakokaa tangu upepo uliponichukulia paa wakati wa Pasaka. Shemeji yangu Mathieu, nyapara wa wapakiaji bandarini Kalundu, akauliza kama kitu hicho kinaliwa. Nikaipangusa vumbi. Mtu wa magunia.

Ndani ya kifuniko kuna karatasi, maandishi ya Monsieur mwenyewe: manivela isizungushwe zaidi ya mara ishirini. Manivela ni ule mkono wa kuipa mashine nguvu. Ishirini, basi. Nimepiga mstari kwa wino mwekundu.

Diski iko moja. Upande wa kwanza umekwaruzika, unapiga chafya. Upande wa pili ni magitaa na akordeoni, na hakuna anayeimba. Nimeusikiliza mara tisa. Hakuna anayeimba! Mahali pa mwimbaji pako wazi, panangoja mtu. Nimeshindwa kukaa chini. Nimezunguka nyumba mpaka dada akaniambia namtia kizunguzungu.

Jumanne, 14 Juni.

Mpango umenijia nikinyoa ndevu. Nimejikata mara mbili. Tarehe 30 ni Uhuru, na mwalimu André, mkuu wa kamati ya sherehe, anatafuta mtu mmoja wa kuimba uwanjani mbele ya watu wote. Tena redio ya Bukavu imeandika barua: mwimbaji huyo ataitwa kurekodiwa, atalala kwa masista. Libérat anajiona amekwisha chaguliwa. Libérat ni fundi wa kushona hapa Rugenge, ana gitaa, ana kofia, ana watu wawili wa kumfuata nyuma. Tulikuwa marafiki mpaka siku nilipomwambia gitaa lake linalia kama bati. Nilisema kwa kumsaidia.

Mimi sina gitaa wala sina wa kunifuata. Nina diski. Na nina Ernestine, mtoto wa dada yangu, miaka kumi na sita, ambaye akiimba parokiani hata wanaosinzia hunyanyua kichwa. Diski itapiga, Ernestine ataimba, mimi nitakuwa meneja. Bukavu leo, Léopoldville mwakani.

Nimemweleza. Akaruka kwa furaha, akapiga makofi, halafu akakaa chini. Baba yake, Mathieu, amemwahidi mama yake mzazi aliye Luberizi, Koko Apolline, mtu wa kufukuza ndege shambani, maana mpunga umeanza kukomaa. Mtu huyo ni Ernestine. Mwaka jana alikwenda binamu yake. Kutwa nzima kupiga kelele juani, wiki baada ya wiki, na tangu arudi anaongea kwa sauti ya mlango mkavu. Kwaya hawakumrudisha. Ernestine alinisimulia hayo huku akishika koo lake kwa mkono. Alilia. Na mimi kidogo.

Jumatano, 15 Juni.

Nimesema na Mathieu. Nilijiandaa kwa hotuba ya kurasa mbili, akanikatiza kwenye aya ya kwanza. Amekubali kungoja mpaka tarehe 30. Akiimba vizuri, aende Bukavu. Akitutia aibu mbele ya Uvira nzima, kesho yake anapanda lori la Luberizi, asilie. Ila mama yake lazima apate mtu, alisema, kwa sababu yeye akiahidi ameahidi. Nikamwambia asiwe na shaka, kazi iko mikononi mwangu. Hapo ndipo alipoonekana kuwa na shaka.

Nimeandika maneno ya wimbo. Beti nne, kwa mkupuo mmoja wa kalamu, sikufuta hata neno:

Kwa heshima tunakupokea, ee Uhuru,
Kufuatia ahadi yako ya mwezi wa kwanza.

Ernestine akauliza kama "kufuatia" ni neno la kuimba. Nikamwambia hicho ni Kiswahili cha biro, kina uzito.

Ijumaa, 17 Juni.

Zoezi la kwanza, barazani. Mizunguko ishirini, nimehesabu kwa sauti. Ubeti wa kwanza, ajabu! Wa pili, majirani wakatoka nje na vijiko mkononi. Wa tatu, kuna kitu kimeharibika. Gramafoni iko chini, mtoto yuko juu. Ubeti wa nne sitaki kuukumbuka. Mbwa wa jirani aliondoka na hajarudi.

Nimemwambia ukweli, maana meneja hafichi: anapanda. Akasema, "Minye sipandi, mujomba. Ile mashine ndiyo iko inashuka." Nikacheka. Mashine imetoka Ulaya kwa meli! Ina chuma, ina sindano, haina koo. Mwenye koo ni yeye. Tukarudia mara saba, na mara saba alipanda palepale, ubeti wa tatu. Kwa hiyo kosa linajulikana lilipo. Hiyo ni nusu ya kazi.

Jumamosi, 18 Juni.

Nimefikiri usiku kucha, miguu haikutulia. Sauti inapanda kwa sababu haina kinachoizuia. Kwa hiyo uzito! Nimemtwika mtungi uliojaa maji, nikamwambia aimbe. Ameimba vizuri sana, wima, bila kumwaga tone. Alipanda vilevile. Dada akauliza kwa nini maji yake yako barazani yanaimba. Nikajaribu kumkataza ndagala, vile visamaki vikavu, chumvi isije ikawa ndiyo inapandisha. Akala ndagala kwa siri nyuma ya jiko. Nilimwona. Nilikuwa nyuma ya jiko kwa sababu zangu.

Jumatatu, 20 Juni.

Uasi! Nilikuwa natoka kwa André kuandikisha jina letu kwenye kamati. Kutoka mbali nikasikia muziki, na Ernestine anaimba. Ubeti wa tatu, pamoja. Wa nne, pamoja! Nikakimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye mfereji. Nimemfikia, namwuliza amefanyaje, anajibu bila haya kwamba amezungusha manivela mara arobaini.

Arobaini! Nimemwonyesha karatasi. Nimemwonyesha mstari mwekundu. Akasema resori ya ndani, kile chuma kinachojikunja, imezeeka, kwa hiyo inaomba zaidi. Akasema labda Monsieur aliandika ikiwa mpya. Nikamwuliza yeye na Monsieur nani amesoma Ulaya. Akasema hata Monsieur hakuwa anaimba. Majibu kwa kila kitu! Hatari yake anaiona lakini dawa haitaki.

Nimechomoa manivela, nitatembea nayo mfukoni. Inachoma paja.

Jumanne, 21 Juni.

Mpango wa maji. Kitu cha moto hupanda, kila mtu ameona mvuke. Kwa hiyo koo lipozwe kuanzia miguuni. Nimempeleka ziwani, akaingia mpaka magotini, mimi ufukoni na gramafoni juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Ubeti wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Kabla ya wa tatu kiboko akatoa kichwa hatua ishirini kutoka kwetu, akatazama.

Ernestine akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa binadamu, juu kuliko zote. Nilitaka kumwambia ashuke lakini nilikuwa nimekwisha fika barabarani. Gramafoni ikaendelea yenyewe mpaka mwisho. Kiboko aliisikiliza yote, kwa adabu, akazama. Wavuvi wamecheka mpaka mmoja wao akakaa chini. Kabla ya jioni Libérat alikuwa amekwisha jua. Alipita mbele ya nyumba akiniuliza kama kiboko ndiye atakayeimba sauti ya pili.

Alhamisi, 23 Juni.

Kamba! Ni rahisi mpaka najiuliza mbona sikuanza nayo. Nimemfunga kamba ya kitani kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mimi nimeshika ncha nyingine na sikio langu liko kwenye gramafoni. Nikisikia yuko juu, navuta. Akivutwa, anashuka kidogo. Mara ya kwanza, akakasirika. Mara ya tano, akaelewa. Mara ya kumi na mbili, ubeti wa tatu nilivuta mara moja, wa nne mara tatu, na wameteremka wote wawili, mashine na mtoto, mkono kwa mkono, mpaka mwisho. Wimbo ulimalizikia chini kabisa, mahali wanapoimbia wanaume.

Nilitaka kumkumbatia. Ernestine alikuwa anatazama ziwa. Akasema, polepole, kwamba sasa anajua kuimba vibaya. Uchovu, nadhani. Nimempa asali.

Jumamosi, 25 Juni.

Mbele ya kamati, darasani kwa André. Libérat alianza, na watu wake wawili. Wanakamati wakatikisa vichwa, mmoja akapiga makofi. Kelele tu.

Halafu sisi. Nimepiga magoti nyuma ya meza ya mwalimu na kamba yangu. Mizunguko ishirini. Beti mbili za kwanza, André aliacha kuandika. Mbili za mwisho, nikavuta na kuvuta, na wakashuka pamoja bila kosa hata moja. Mzee Ndihokubwayo wa kamati alikuwa amelala. André akasema mtoto huyu ana sauti ambayo hajaisikia tangu azaliwe, ila wimbo mwishoni unamtia usingizi, labda ni uchovu wa gramafoni. Tena gramafoni haitasikika uwanjani. Ameamua: Ernestine ataimba tarehe 30, na diski yetu itapigwa kwa mashine ya umeme ya Cercle, klabu ya Wazungu, yenye moteri na kipaza sauti. Libérat atapiga baadaye, watu wacheze.

Tumeshinda! Mashine ya umeme! Mashine ya Wazungu wakubwa! Libérat alinifuata nje. Nilikaza kifua. Lakini akasema kwa upole kabisa kwamba gramafoni yangu inalegea, mtu yeyote mwenye gitaa anasikia, na nikiendelea kumfundisha mtoto kulegea nayo, siku ya umeme atabaki peke yake. Akaomba akae nyuma ya Ernestine na gitaa, asipige, awepo tu. Wivu una sura nyingi. Nimemwambia tuna meneja, inatosha.

Jumatatu, 27 Juni.

Mji hautulii, na mimi situlii. Malori yanapita na makabati. Wengine wanasema Uhuru utakuja na ndege, wengine kwamba utasomwa kanisani. Jirani amemwuliza André kama siku hiyo baiskeli zitabaki za wenyewe. Nimetembea hadi Kalundu na kurudi mara mbili bila shughuli.

André amenipa programu nichape kwa mashine ya shule. Jina la Ernestine nimelichapa kwa herufi kubwa, katikati. Langu chini yake, MENEJA. La Libérat nimeliweka mwisho kabisa, pamoja na watu wa kuleta viti.

Ernestine ameomba twende Cercle kujaribu ile mashine kabla ya siku. Nimekataa. Mashine nzuri haijaribiwi. Akaenda kumwomba baba yake. Mathieu akasema yeye si meneja. Mtoto hajala jioni hii. Anakaa mlangoni na anarudia ubeti wa tatu kimoyomoyo, midomo tu inacheza, mara akiutoa juu, mara chini, naona kwenye shingo. Nimemhurumia. Nimemwambia kamba itakuwepo.

Alhamisi, 30 Juni.

Uhuru umefika. Nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, kwa sababu kesho watu watasema vingine.

Uwanja ulijaa mpaka ziwani. Wamama wa mtaa wa Kimanga na vitenge vipya, wapakiaji wa Kalundu, watu wa Kamanyola waliofika kwa lori. Mathieu safu ya mbele, kofia kichwani, mikono imekunjwa. Kwenye jukwaa, meza iliyofunikwa kitambaa cheupe mpaka chini. Juu yake mashine ya Cercle na kopo kubwa la maua. Chini yake mimi. Kamba ilitoka kwenye mkono wa Ernestine, ikapita nyuma ya sketi yake, ikaingia kwangu. Hakuna aliyeona. Moteri ikaanza kunguruma, diski ikapiga.

Ubeti wa kwanza. Jamani. Nilikuwa gizani nimekunja shingo, na nikajisikia kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Wa pili, hakuna hata mtoto mchanga aliyelia. Ukaja wa tatu, mahali petu. Nikavuta.

Akashuka. Mtoto mtiifu, nilimfundisha vizuri. Lakini mashine haikushuka! Ilibaki palepale juu, magitaa na akordeoni, hawajali. Mwanya ukafunguka kati yao, hata mimi niliusikia. Nikajua mara moja: umeme umezidi, mashine inapanda. Nikavuta mara mbili ili mambo yatengemae. Akashuka zaidi. Watu wakaanza kunong'ona. Mtu akacheka, nadhani ni yule mvuvi wa kiboko. Kupitia tundu la kitambaa nikamwona Mathieu anavua kofia, anaiweka magotini, anainamisha kichwa. Nikavuta mara ya nne, kwa nguvu.

Ernestine akaacha kuimba. Akordeoni ikaenda peke yake. Nikaona Luberizi, nikaona jua na ndege, na koo la mtoto wa dada yangu likigeuka mlango mkavu. Ni mimi niliyemleta hapa, nilifikiri. Nilifikiri hivyo kwa muda mfupi.

Kisha kamba ikakaza yenyewe. Aliizungusha mara mbili kwenye ngumi yake, akavuta yeye. Yule mtoto ana nguvu, ndiyo ile mitungi. Nimetoka chini ya kitambaa kwa magoti na viwiko, kopo la maua likanimwagikia mgongoni, mbele ya Uvira yote! Ernestine akavua kamba mkononi, akaiacha ianguke. Akasikiliza mashine kama mtu anayengoja gari linalopita ili alidandie. Na akaingia ubeti wa nne. Juu. Sawasawa na akordeoni, bila kutafuta, bila kunitazama.

Nilibaki palepale kwa magoti, maji yananichuruzika. Nasema ukweli: sijawahi kusikia kitu kizuri hivyo. Diski ikamalizika, yeye hakumaliza. Alirudia ubeti wa mwisho, na gitaa la Libérat likaingia kutoka chini ya jukwaa, na wamama wa Kimanga wakaudaka, na uwanja wote ukaimba. Aliondoa "kufuatia". Aliweka "tulingoja". Bila kuniuliza!

Baadaye André alinishika mkono kwa mikono miwili. Kamati nzima imependa mchezo wetu: mtawala amejificha chini ya meza anavuta kamba, binti anamtoa nje mbele ya wananchi. Hakuwa anajua, alisema, kwamba mimi ni mtu wa fikra za namna hiyo. Mzee Ndihokubwayo alilia. Nimeshukuru. Nimesema niliufikiria kwa muda mrefu.

Ijumaa, 1 Julai.

Mathieu ametuita wote barazani. Alikuwa amenyoa. Alimwambia Ernestine aende Bukavu Jumatatu na mama yake, na Libérat aende na gitaa kwa kuwa ndiye aliyejua kukaa nyuma. Ernestine akamshika baba yake miguu. Mathieu hakujua mikono yake aiweke wapi. Dada alipiga vigelegele mpaka mbwa wa jirani akarudi.

Nikasema meneja naye atahitaji nafasi kwenye lori. Mathieu akasema nafasi ninayo, lakini kwenye lori lingine. Koko Apolline bado anangoja mtu. Ameahidi. Na katika nyumba hii, alisema, mtu asiye na kazi ni mmoja, na koo lake halina hatari ya kuharibika. Nikamtazama dada. Dada alikuwa anatafuta kitu kwenye kikapu.

Ernestine alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea gramafoni kichwani. Alisema asante. Nilijua anasema kweli, na hiyo ilinichoma zaidi ya manivela. Alisema bila mimi baba yake asingengoja. Halafu akaniinamia sikioni: "Arobaini, mujomba. Weye jaribu mara moja tu." Nikamwambia nitalifikiria. Nilimpungia mkono mpaka vumbi likamficha, na nililia mpaka Kavimvira.

Jumapili, 10 Julai. Luberizi.

Ndege ni wengi kuliko walivyoniambia. Napiga kelele tangu jua linapotoka. Sauti yangu imekwenda. Koko Apolline ana miaka sabini, na akipiga kelele moja shamba lote linabaki tupu. Mimi ndege wananitazama kwanza.

Jumatano mwenye duka la njiani alifungua redio, tukamsikia. Ernestine! Kutoka Bukavu, na gitaa nyuma. Watu walisimama barabarani na majembe begani. Nilitaka kuwaambia huyu nimemfundisha mimi, sauti haikutoka. Nilimsikiliza mpaka mwisho nimeshika ukuta. Vizuri sana. Bado anapanda kidogo kwenye ubeti wa tatu, lakini aliyemzoea tu ndiye anayesikia.

Tangu juzi magari ya Wazungu yanapita mbio kuelekea ziwani, magodoro juu. Inasemekana askari wamekataa amri huko juu. Leo mmoja alisimama kutafuta maji ya radiateri. Nilikuwa napiga gramafoni kando ya mpunga, mizunguko ishirini. Akiwa na haraka yote ile, ndoo mkononi, akageuka akaniambia mashine inalegea, niizungushe zaidi. Nikanyoosha mgongo. Nikamjulisha kwamba nchi imepata Uhuru, na mambo ya hapa tunayajua wenyewe. Akaondoka bila kufunga kifuniko cha maji. Nimeirudisha karatasi ya Monsieur kwenye kifuniko cha gramafoni, kwa gundi mpya, maana pembe moja ilikuwa imeachia.

Na leo alasiri, mpango! Shamba hili lina wamama kumi na mmoja wanaofukuza ndege, kila mmoja anapiga kelele anavyotaka, ovyo ovyo. Nguvu nyingi inapotea. Wakipiga kelele kwa wimbo, sauti nne, gramafoni katikati, ndege hawatarudi, na mwakani tarehe 30 Juni kamati ya Uvira itatuita wenyewe. Nimekwisha pata kamba kumi na moja.

Nimemjaribu Koko Apolline kwanza. Sauti ya ajabu, sijui ilikuwa imejificha wapi miaka yote hii. Ila anapanda.